Kunyamaza kwa Walio Chini ni Dhambi ya Nani?

Na upigwe mfano wa karakana ya seremala. Fundi mkuu ana watu sita chini yake, na katikati ya karakana pana msumeno wa mashine. Asubuhi mwanagenzi aliye mdogo kuliko wote, ambaye kazi yake ni kufagia na kupanga mbao, aona ya kuwa parafujo moja ya kikingio cha msumeno imelegea. Hasemi kitu. Adhuhuri kikingio chaanguka, na mwenzake apoteza vidole viwili. Kisha yadhihirika, kama mambo yote yadhihirikavyo baada ya damu kumwagika, ya kuwa yule mdogo alikuwa amekwisha kuona tangu asubuhi. Hapo karakana nzima yamgeukia, na swali ni moja tu: "Mbona hukusema?"

Swali hili ni la haki, wala hapana awezaye kulikataa. Lakini lipo swali la pili, ambalo haliulizwi ila mara chache, nalo lamhusu fundi mkuu: mara ya mwisho mtoto huyu alipofungua kinywa chake katika karakana hii, alipata nini? Maana kunyamaza hakuzuki kwa siku moja. Hupandwa, hupaliliwa, hata kukakomaa. Na mwenye shamba mara nyingi hajui kuwa yeye ndiye aliyelima. Basi neno linalotakiwa kutazamwa hapa ni hili: aliye chini akiona khatari akanyamaza, mzigo wa kunyamaza kwake uko juu ya nani? Wengi hujibu upesi kuwa aliyejua ndiye mwenye kosa. Jibu hilo lina wepesi wake, khasa kwa mkuu, kwani lamtoa katika hesabu kabla hesabu haijafunguliwa.

Msomaji na atazame jambo lililotokea tarehe 27 Machi 1977 katika kisiwa cha Tenerife, ambacho ni cha Hispania, katika bahari ya Atlantiki. Siku hiyo bomu lilikuwa limelipuka katika kiwanja cha ndege cha kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege nyingi zikageuzwa, zikaenda kutua katika kiwanja kidogo cha Los Rodeos. Miongoni mwao zilikuwamo ndege mbili kubwa za aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi, na ya pili ya Pan Am ya Marekani. Zilipopata ruhusa ya kuondoka, ukungu ulikuwa umeshuka hata macho hayafiki mbali. Ndege ya KLM ilikuwa imekwisha fika mwisho wa njia ya kurukia na kugeuka. Ile ya Pan Am ilikuwa ingali yatembea katika njia ile ile, ikielekeana nayo, wala hizi mbili hazikuonana.

Nahodha wa ndege ya KLM hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa aina ile ya ndege katika shirika lake, na picha yake ilitumiwa katika matangazo ya biashara ya shirika. Ubavuni mwake aliketi rubani wa pili, ambaye alikuwa na miaka mingi ya kuruka, lakini katika aina ile ya ndege alikuwa na saa 95 tu. Nyuma yao aliketi fundi wa mitambo. Maneno ya chumba chao yalinaswa na mashine ya kuhifadhi sauti, ndiyo maana yajulikana.

Nahodha alianza kusukuma mitambo kabla ya ruhusa kupatikana. Rubani wa pili akamwambia ya kuwa ruhusa bado. Nahodha akazuia ndege, akamwamuru aiombe. Mnara ukawapa maelezo ya njia watakayoifuata hewani, nayo si ruhusa ya kuruka. Rubani wa pili alipokuwa angali akiyarudia maelezo hayo kwa mnara, nahodha akaiachilia ndege, akasema kuwa wanakwenda. Safari hii rubani wa pili hakumzuia. Na hapa panataka kutazamwa sana. Mtu huyu alikuwa amekwisha kumsahihisha mkubwa wake mara moja, na muda mfupi tu ulikuwa umepita. Mara ya kwanza ulimi hunyanyuka kwa taabu. Mara ya pili, kwa mkubwa yule yule na juu ya jambo lile lile, huwa mzito kama jiwe.

Ndege ikaenda mbio. Fundi wa mitambo akasikia katika redio sauti ya Pan Am ikisema kuwa itatoa khabari itakapotoka njiani. Akauliza, kama mtu aulizaye tu, kwani yule hajatoka? Nahodha akajibu kwa mkazo kuwa ametoka. Pakawa kimya. Baada ya sekunde chache ndege zile ziligongana, wakafa watu 583, na wote watatu wa chumba kile wakiwamo.

Haki yataka isemwe kuwa wachunguzi walitaja sababu nyingi: ukungu, sauti mbili za redio zilizopandana zikafutana, maneno ya mnara yasiyokuwa wazi, na sheria ya saa za kazi iliyomfanya nahodha awe na haraka. Si uadilifu kumtwika maiti mmoja mizigo yote ya siku ile. Lakini baada ya hayo yote kuhesabiwa, yabaki ya kuwa chumbani mle palikuwa na mtu aliyekuwa na shaka iliyo kweli, na shaka ile ikajibiwa kwa neno moja, ikafa.

Sasa na aulizwe yule asemaye kuwa aliyejua ndiye mwenye kosa: fundi yule alipaswa kufanya nini? Atasema, alipaswa kupiga kelele. Ni kweli. Lakini kelele hazipigwi na mtu ambaye maisha yake yote ya kazi amefundishwa ya kuwa nahodha hapigiwi kelele. Aliye chini aonapo jambo, hufanya hesabu kabla ya kusema, na huifanya upesi kuliko mkuu adhanivyo. Akisema, ikawa amekosea, aibu yake ni ya hakika, nayo iko karibu: atachekwa leo, mbele ya wenzake. Akinyamaza, khatari ni ya shaka, nayo yaonekana iko mbali: huenda parafujo ikashika hata jioni, huenda ndege ile imekwisha toka njiani, huenda mkuu aona asichokiona yeye. Basi huitia aibu ya hakika katika kitanga kimoja cha mizani, na khatari ya shaka katika kitanga cha pili, na mara nyingi kitanga cha aibu ndicho kishukacho. Huu si woga wa tabia. Mtu huyu huyu aweza kujitupa baharini kumwokoa mtoto wa jirani. Na uzito uliomo katika kitanga cha aibu, ni nani aliyeutia? Hakuutia yeye. Umetiwa na mkuu, chembe kwa chembe, katika siku ambazo hapakuwa na khatari yo yote.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Disemba 1978, karibu na mji wa Portland huko Marekani, ndege nyingine ilizunguka hewani karibu na saa nzima, nahodha akishughulika na magurudumu yaliyomtia wasiwasi, hata mafuta yakaisha, ikaanguka. Walikufa watu 10. Wenzake walikuwa wakiitazama saa ya mafuta, na walisema juu yake. Lakini walisema kwa kugusia, kama mtu akohoaye mlangoni asiyetaka kubisha hodi. Baada ya hayo wakuu wa safari za ndege walikubali jambo ambalo lilikuwa zito kwao, ya kuwa nahodha hodari si yule asiyekosea, bali ni yule ambaye makosa yake huonekana na wenzake mapema na huambiwa. Tangu miaka ya 1980 marubani wakaanza kufundishwa elimu hiyo, wakubwa kusikiliza na wadogo kusema wazi.

Wenye kusoma Sira hawawezi kuliona jambo hili kuwa geni. Imepokewa na Ibn Is'haq ya kuwa katika safari ya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, yaani 624, Mtume (S.A.W.) alipiga kambi mahali, akamjia Hubab bin Mundhir, akauliza kama mahali pale pameamriwa na Mungu au ni rai na hila ya vita. Akajibiwa kuwa ni rai. Ndipo aliposema ya kuwa mahali pale hapafai, na kwamba yafaa wasogee mpaka kwenye maji yaliyo karibu zaidi na adui, wayazibe yaliyobaki nyuma. Na jeshi likaondoka, likafanya hivyo.

Watu husimulia kisa hiki kwa kumsifu Hubab, na anastahiki. Lakini na itazamwe kazi iliyofanywa kabla Hubab hajafungua kinywa. Mtu yule alijua ya kuwa yako maneno ya namna mbili: amri isiyojadiliwa, na rai iwezayo kupimwa. Alijua pia kuwa kuuliza ni kwa namna gani katika namna hizo mbili hakutamdhuru. Hayo mtu hayajui kwa kuzaliwa, bali huyajua kwa kuishi na mkuu aliyemzoeza. Wakuu wengi wa leo, katika maofisi na mashamba na maduka, huyachanganya maneno yao. Lililo sheria ya serikali, lililo shauri la jana usiku, na lililo ghadhabu ya asubuhi, yote hutoka kwa sauti moja. Na aliye chini, asijue lipi ni lipi, huyachukua yote kuwa sheria, kwani hilo ndilo lililo salama kwake. Kisha mkuu hushangaa kuwa watu wake hawana rai!

Huenda mtu akasema ya kuwa kila mtu akipewa ruhusa ya kusema, amri itakufa, na kazi itakuwa baraza. Hofu hii si upuuzi. Wako watu ambao hupenda kusema kuliko kufanya kazi, na chombo kisichokuwa na nahodha hakifiki bandarini. Lakini kusikiliza na kuamua ni vitu viwili, na kimoja hakimli mwenzake. Kabla ya Uhud, mwaka 625, Mtume alitaka mashauri. Rai yake ilikuwa kubaki Madina, na wengi wakapenda kutoka, akawafuata. Alipokwisha kuvaa nguo za vita wakajuta, wakataka kurejea katika rai yake, akakataa kuzivua. Mashauri yalikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mkuu aliyeonyesha milango yote miwili hapotezi amri. Aipotezaye ni yule ambaye hana saa ya kusikiliza, kwa hivyo watu wake husema saa zote, ila husema nyuma yake.

Yako katika desturi za watu wa pwani mambo yanayolifanya jambo hili kuwa gumu zaidi, na si vema kuyaficha. Kijana hamkatizi mzee maneno. Mwanagenzi hamwambii fundi kuwa amekosea, wala mke wa kijana hamwelezi mavyaa wake jinsi ya kupika. Adabu hii ina uzuri mwingi, na nyumba zisizokuwa nayo hujulikana. Lakini wakuu wameitumia kama pazia. Hupenda kusema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wala hawasemi guu la nani huvunjika mkuu asiposikia la mdogo. Methali nyingine ya watu hawa hawa yasema mkubwa ni jalala. Nalo jalala hupokea kila kitupwacho, wala halichagui takataka. Hiyo haipendwi sana na wenye vyeo.

Kwa kuwa adabu humzuia mdogo asipande kumfikia mkuu, mkuu ndiye awajibikaye kushuka. Na hapa wengi hukosea kwa nia njema. Mkuu hutangaza kuwa mlango wake uko wazi, kisha huketi ndani akingoja, na asipoingia mtu hufurahi kuwa hapana tatizo. Au hupita akiuliza, "Hamna neno?" Swali hili lina jibu lake ndani yake. Ni kama maamkizi: mtu mwenye homa inayomtetemesha akiulizwa hujambo hujibu sijambo, kwani ndilo jibu la maamkizi. Aulizaye kwa njia ya maamkizi hujibiwa majibu ya maamkizi. Lakini mkuu akisimama karibu na msumeno, akamwuliza yule afagiaye, "Katika vitu hivi, kipi kikiharibika leo kitatuumiza?", amemwomba kazi, wala hakumwomba ujasiri. Kwa sababu kama hiyo, katika mahakama za kijeshi za wanamaji wa Kiingereza ilikuwa desturi ya zamani mdogo wa cheo kutoa rai yake kwanza, ili asiwe mwangwi wa mkubwa.

Katika jambo hili upo mfano ulio karibu zaidi kuliko Tenerife. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitengeneza karatasi ya mambo 19 ya kusomwa kwa sauti katika chumba cha kupasulia wagonjwa: kabla ya mgonjwa kutiwa usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya kutolewa chumbani. Kati ya mwaka 2007 na 2008 ilijaribiwa katika hospitali za miji minane ya ulimwengu, na mmoja wao ulikuwa Ifakara, katika bonde la Kilombero, Tanganyika ya zamani. Miongoni mwa mambo yake ni kuwa kabla ya kisu kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Daktari mpasuaji, ambaye pengine amefanya kazi na mwuguzi yule miezi mingi bila ya kumjua jina, humsikia akilitaja. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: kabla ya karatasi ile walikufa wagonjwa 15 katika kila 1,000, na baada yake 8, na waliopata madhara makubwa walishuka kutoka 11 katika kila 100 mpaka 7. Si kutaja majina peke yake kulikoleta haya, kwani karatasi yakumbusha pia dawa za kuzuia usaha, na damu, na kuhesabu vitambaa. Lakini aliyekwisha kusikika mara moja chumbani, akijitaja kwa jina lake, kusema mara ya pili ni kwepesi kwake kuliko yule ambaye sauti yake haijasikika.

Limebaki lililo zito kuliko yote kwa mkuu. Maonyo mengi ya walio chini huwa matupu. Parafujo yatazamwa, nayo imekaza. Hesabu yapitiwa tena, nayo ni sahihi. Mashine yasimamishwa, na haina ugonjwa. Kazi imechelewa, mteja amenuna, na mwenye kuonya amesimama hapo, macho chini. Saa hiyo ndiyo ambayo watu wote wa kazi humtazama mkuu, wala si saa ya hotuba yake. Akipiga mdomo tu, au akacheka kidogo, amekwisha nunua kimya cha miaka mitatu. Akishukuru, na akashukuru kwa kweli, amenunua onyo litakalokuja siku ambayo si tupu. Katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani ilikuwako kamba ambayo mfanya kazi aliye chini aliweza kuivuta aonapo kasoro, na kiongozi wa kikundi alimjia mara moja; kasoro isipoondolewa kwa wakati, kazi yote ilisimama. Kamba ni kitu rahisi. Chochote kinachofungwa ukutani ni rahisi. Kigumu ni uso wa kiongozi anapofika akakuta hapana kitu.

Ama yule aliyenyamaza, je, ametoka safi? Hapana. Yuko anyamazaye kwa kuogopa kukosa chakula cha watoto wake, na huyu mzigo wake ni mwepesi, ingawa upo. Yuko anyamazaye kwa uvivu, akisema moyoni si kazi yangu. Na yuko wa tatu, ambaye ameona khatari akafurahi, apate kuuona mkuu wake anayemchukia akiaibika. Huyo amefanya khiyana, na ukali wa mkuu haumpi udhuru, kwa kuwa atakayekatwa vidole si mkuu. Tena asemaye ana wajibu wa kusema kwa namna ya kusikika. Kugusia si kusema. Na ampe mkuu wake heshima ya faragha panapo nafasi. Pasipo na nafasi, msumeno ukiwa wazunguka, faragha haina haki tena.

Basi na irejewe ile karakana. Ni Jumamosi, siku ya mishahara, na fundi mkuu ataka kumfukuza yule mwanagenzi. Aliyeumia yuko hospitali, gharama zake zimekwisha lipwa. Wenzake wangoja. Fundi amwita mtoto uani, peke yake, na kabla hajatamka hukumu amwuliza lile swali la pili: aliwahi kuleta neno lo lote katika karakana hii? Mtoto asema ndiyo. Alisema juu ya gundi, ya kuwa haijakauka, nayo meza ya mteja yabebwa.

"Nikakujibu nini?"

"Ulinambia nishike ufagio, fundi."

Fundi hakumbuki. Ajaribu, na bado hakumbuki. Ilikuwa siku ya kazi kama siku zote. Mtoto akumbuka kuwa ilikuwa Alhamisi, na kuwa mwenye meza alikuwapo, na kuwa wote walicheka.

Fundi aketi juu ya gogo lililo pale uani, amwambia mtoto naye aketi.